Chango si Jina la Kila Maumivu

Msichana anapojikunja kwa maumivu kila mwezi, hata akakosa skuli, jawabu analopewa aghalabu hapa Pemba ni hili: "Ni chango tu, ukiolewa utapona." Huolewa, na maumivu yakabaki palepale. Pengine hata mtoto hapatikani, na lawama yote humwangukia yeye.

Yako maradhi yaitwayo endometriosisi, ambayo chembechembe zinazofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi huota nje ya mfuko huo: katika vifuko vya mayai, kwenye matumbo au kibofu. Shirika la Afya Duniani linakisia kuwa humpata takriban mwanamke mmoja katika kila kumi walio katika umri wa kuzaa.

Kwa miaka mingi madaktari walishikilia kuwa hayathibitiki ila kwa kutoboa tumbo na kuingiza kamera. Mwaka 2022 jumuiya ya wataalamu wa uzazi ya Ulaya ilibadili muongozo wake: picha ya altrasaundi au ya mashine ya sumaku itangulie. Altrasaundi si ngeni kisiwani. Wajawazito wetu hupimwa kwayo. Jicho lililofunzwa huona kwayo uvimbe wenye damu kuukuu katika kifuko cha mayai, na viungo vilivyogandana.

Hata hivyo, picha safi si ushahidi wa uzima. Madoa madogo ya maradhi haya mara nyingi hayaonekani. Basi daktari asimrejeshe mgonjwa nyumbani kwa kumwambia hana kitu. Dawa za kutuliza maumivu na za homoni zaweza kuanzwa bila ya kungoja upasuaji.

Hospitali ya Abdulla Mzee, Mkoani, ilifunguliwa upya mwaka 2016 baada ya kujengwa kwa msaada wa China. Majengo ni neema, lakini mashine haijisomei picha. Twaiomba Wizara ya Afya iwasomeshe wapimaji, hasa wanawake, kwani kipimo kilicho bora hupitia ukeni, na wengi hawatakubali kupimwa na mwanamme. Asiyeolewa apimwe juu ya tumbo. Wala mgonjwa asilazimike kupanda meli hadi Unguja kwa picha ambayo ingeweza kusomwa Chake Chake au Wete.

Wahenga walinena: mficha maradhi kifo humuumbua. Wanawake hawa hawakuficha. Walisema, nasi hatukuwasikiliza.