Maharage, Kijiko na Penseli

Juzi tena mama mmoja alinisubiri getini, daftari la mwanawe mkononi, kurasa zote nyeupe. "Mwalimu, hapa watoto wanacheza tu. Wangu ataandika lini?" Mtoto ana miaka mitatu na nusu. Wa jirani, aliyeko shule nyingine, amekwisha kujaza madaftari mawili. Ninafundisha walimu wa Montessori na swali hili naulizwa kila muhula, na kila muhula kuna mtoto anayehamishwa kwa sababu yake. Basi nalijibu hapa.

Hayo madaftari mawili nayajua. Mwaka jana nilikaa kando ya mtoto wa miaka minne aliyepewa kuandika herufi "a" ukurasa mzima. Alichora viduara kwanza, kuanzia mstari wa juu hadi wa chini, kisha akarudi juu kuvitia mikia, kimoja kimoja. Penseli kaikamata kwa ngumi, ulimi nje, bega limepanda hadi karibu na sikio. Nikamwuliza anaandika nini. "Homuweki," akasema. Sauti ya herufi ile hakuijua. Daftari likawekewa vema nyekundu, nyumbani wakafurahi, na mtoto akabaki na somo moja tu: kuandika kunauma mkono.

Na kweli kunauma. Kifundo cha mkono kina mifupa midogo 8, na mtoto huzaliwa yote ikiwa bado gegedu. Akifika miaka 3, kwa kawaida ni kama 3 tu iliyoanza kukomaa kuwa mfupa. Wa mwisho husubiri hadi baada ya miaka 8. Tuisheni ya jioni haiharakishi mfupa. Kiboko nacho hakiharakishi.

"Wanacheza tu." Haya, tuutazame huo mchezo. Mtoto anahamisha maharage kwa kijiko kutoka bakuli la kushoto kwenda la kulia, na ndiko macho yake yatakakopita akisoma. Anachomoa vipande vya mbao vya mviringo, 10 katika kila kibao, kila kimoja kwa kishikizo kidogo kinachotaka vidole vitatu, vile vile vya penseli. Anapapasa herufi iliyokatwa kwenye karatasi ya msasa huku akitamka sauti yake, "mmm", wala si "em". Huko ndiko kuandika, ila wino haujaonekana.

Maria Montessori, mwanzilishi wa mfumo huu, alikuwa daktari. Nyumba yake ya kwanza ya watoto ilifunguliwa Januari 6, 1907, katika mtaa wa San Lorenzo, Roma, kwa watoto wa wafanyakazi maskini. Kuandika hakukuwa katika mipango yake. Wazazi ndio walioomba, kama mnavyoomba ninyi. Aliwapa watoto herufi za kupapasa. Miezi michache baadaye, mvulana wa kama miaka mitano aliyekuwa akichora dohani kwa chaki juu ya paa akapaza sauti kwamba anajua kuandika, akapiga magoti na kuandika neno "mano", yaani mkono. Kisha akaandika dohani, kisha paa. Daftari hata moja hakuwa amejaza.

Sisi kazi yetu ni nyepesi zaidi, maana Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa: mwenye sauti ya "m" na ya "a" ameshapata "ma", na "mama" haiko mbali.

Sasa ya kufanya. Kibao cha "Montessori" ukutani si ushahidi, kwa kuwa jina hilo yeyote anaweza kulitumia. Omba kukaa darasani saa nzima: rafu ziwe kimo cha mtoto, wa miaka 3 hadi 6 wawe pamoja, kila mmoja achague kazi yake na airudishe mahali pake. Ukikataliwa kukaa, tafuta kwingine. Ada imekushinda? Mpe mtoto achambue mchele, akande unga wa chapati, akamue leso, amimine maji kwa kikombe. Mkiwa kwenye daladala chezeni kutafuta vitu vinavyoanza na "sss". Akifika miaka 7 bado herufi hazitofautishi, apimwe macho na masikio kabla hajaitwa mvivu. Na anayeshika penseli kwa mkono wa kushoto, mwacheni na mkono wake.