Bustani ya Kipupwe: Kwa Nini Mchicha Unaungua Wakati Jua Si Kali?

Agosti mwaka jana nilikwenda Zinga, nje kidogo ya Bagamoyo, kumsalimia mama mdogo. Nikamkuta amesimama kwenye matuta yake ya mchicha, mikono kiunoni. Majani yalikuwa yameungua kwenye kingo, ya kahawia, kama karatasi iliyopitishwa motoni.

"Mwanangu, wewe si unasoma mambo ya mimea? Namwagilia asubuhi na jioni, na jua la kipupwe halichomi. Huu ni ugonjwa gani?"

Alishanunua dawa ya wadudu mara mbili. Hela ya mchicha ndiyo nauli ya shule ya wadogo zangu, kwa hiyo lile halikuwa swali la kupitisha muda. Nikachota maji ya kisima chake, nikaonja, nikatema. Chumvi!

Baridi yetu ni ukame

Wenzetu wa Ulaya majira ya baridi huogopa barafu. Sisi wa pwani, kuanzia Bunju hadi Bagamoyo, hatuna barafu. Tuna ukame wenye upepo. Masika ikiisha mwezi Mei, mvua zinakatika na kusi linavuma. Hewa ni ya ubaridi, ndiyo, lakini upepo unakausha udongo kama unavyokausha kanga kwenye kamba. Udongo wetu wa kichanga nao haushiki maji. Kwa hiyo kila mtu anakimbilia kisimani, na hapo ndipo shida inapoanzia.

Maji baridi yanaelea juu ya bahari

Chini ya ardhi ya pwani, maji ya mvua yaliyozama yanakaa juu ya maji ya bahari yaliyopenya kutoka upande wa pili. Hayachanganyiki haraka kwa sababu uzito wake ni tofauti: lita moja ya maji ya mvua ina kilo 1, ya bahari ina takriban kilo 1.025. Tofauti ni ndogo, ila matokeo yake ni makubwa. Ukipiga hesabu, kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari inabebwa na takriban mita 40 za maji baridi zilizo chini ya usawa huo.

Sasa igeuze hesabu hiyo. Pampu ikishusha maji kwa sentimita 10 tu na hali ikabaki hivyo, mpaka wa chumvi hupanda taratibu kama mita 4. Ndiyo maana kisima kilichokuwa kitamu Juni kinaweza kugeuka Agosti bila mtu kukitia chochote.

Somo la kachumbari

Chumvi inauaje mchicha unaomwagiliwa kila siku? Kumbuka kachumbari. Ukinyunyizia chumvi vitunguu vilivyokatwa, baada ya muda bakuli lina maji. Chumvi imeyavuta kutoka ndani ya kitunguu. Kinachoendelea kwenye mizizi ni hichohicho: maji ya udongoni yakiwa na chumvi nyingi, mzizi unashindwa kuyavuta. Mmea unakaa na kiu huku umeloa.

Kibaya zaidi, maji yakikauka chumvi inabaki. Umwagiliaji wa kidogokidogo kila siku unairundika juu, palepale penye mizizi. Mama mdogo alikuwa anaongeza dozi ya sumu akidhani anatibu.

Ufanye nini?

*Tandaza.* Nyasi kavu, majani ya mwembe au makuti chakavu yanapunguza maji yanayopotea hewani. Makumbi ya nazi yaliyofukiwa ufukweni kwa ajili ya kamba yana chumvi. Yaoshe vizuri kwanza.

*Mwagilia kwa nafasi, lakini kwa wingi,* ili maji yasukume chumvi chini ya mizizi.

*Kinga upepo.* Uzio wa makuti wenye matundu ni bora kuliko ukuta mzima. Ukuta unaurusha upepo juu, kisha unashuka kwa kishindo upande wa pili.

*Chagua mboga.* Maharage, karoti na vitunguu huzidiwa na chumvi mapema. Spinachi huvumilia zaidi.

*Acha majivu na samadi mbichi ya kuku.* Vyote viwili vinaongeza chumvichumvi udongoni.

*Vuna mvua.* Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1. Bati la mita 50 za mraba likipata milimita 100, hizo ni lita 5,000, ukiacha zinazopotea.

*Pumzisha kisima.* Vuta kidogo kwa vipindi, usiwashe pampu mpaka kikauke.

Mwaka huu mama mdogo ameacha pampu, anachota ndoo alfajiri, na matuta yamefunikwa majani ya mwembe. Mchicha umerudi, ingawa si wote. Kisima chake bado kina ladha ya chumvi, kwani nyumba tatu za jirani zinavuta maji hayohayo kwa pampu, na maji ya chini hayajui mipaka ya viwanja. Jumapili iliyopita aliwaita majirani wapange zamu. Wawili walikuja.