Hifadhi na makumbusho si vya wageni peke yao

Msikilizaji mmoja alitupigia simu studio akauliza: "Mimi mkulima wa pamba, hivi naruhusiwa kuingia hifadhini, au kule ni kwa Wazungu?" Wengi wana swali hilo. Simba tunamjua kwenye noti ya shilingi elfu mbili, ngoma za watemi tunazisikia kwa wazee. Jibu ni kwamba unaruhusiwa, na kwa mkazi wa Magu, Misungwi au Kwimba si safari ya kuuza ng'ombe.

Tuanze na Saanane, kisiwa kilicho ndani ya Jiji la Mwanza. Mwaka 1964 serikali ilianzisha hapo bustani ya wanyama, na mwaka 2013 kikawa hifadhi ya taifa. Ni ndogo kuliko zote nchini, kilomita za mraba zisizofika tatu ukijumlisha na maji. Boti huondoka Capri Point na ni safari ya dakika chache tu. Usitarajie makundi ya nyumbu kama Serengeti. Utaona swala, pimbi, tumbili na ndege wengi, tena kwa kutembea kwa miguu.

Kuhusu kiingilio, raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, kiasi kidogo sana kuliko mgeni anayelipa kwa dola. Watoto wa chini ya miaka mitano hawalipi. Ila ni lazima uthibitishe uraia, kwa hiyo beba kitambulisho cha taifa. Malipo hayapokelewi taslimu. Unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki. Nauli ya boti huhesabiwa pembeni, hivyo uliza jumla yote kabla ya kutoka nyumbani. Ndani ya boti, hata kama unajua kuogelea, vaa jaketi okozi.

Sehemu ya pili ni Bujora, karibu na Kisesa, barabara ya Musoma. Panda daladala hadi Kisesa, kisha bodaboda. Makumbusho haya ya Wasukuma yalianzishwa na padri kutoka Kanada, David Clement, akishirikiana na wazee wa Kisukuma. Kuna ngoma za watemi, nyumba ya mhunzi, nyumba ya mganga, na jengo lenye umbo la kiti cha mtemi. Mwezi Juni, wakati wa sikukuu ya Ekaristi, hufanyika Bulabo, ambapo Bagika na Bagalu hushindana kucheza ngoma.

Kwa nini uende? Kwanza, watoto wetu husoma habari za watemi na wanyama wakajibu mtihani bila kuviona. Pili, mwongozaji wa makumbusho anaeleza alichofundishwa, lakini bibi yako anakijua kile chombo kwa sababu alikitumia. Ukienda naye, mjukuu atasikia mambo ambayo hayajaandikwa kwenye kibao chochote. Bibi huyo hatakuwepo siku zote.

Basi, pamba ikishauzwa, wazazi kaeni na walimu mpange. Kundi la shule au kikundi cha kuweka na kukopa hugawana gharama ya gari, na mzigo unakuwa mwepesi. Pigeni simu kwanza, ondokeni alfajiri, jioni mko nyumbani.