Farasi keshaondoka, lango litafunguliwa lini?

Yanapofika Maulidi ya Lamu, qasida na matari hayazuii vijana kupata zamu yao. Wako wanaoshindana kuogelea, wako wanaokimbiza punda, na wako wanaoingia uwanjani na bakora kucheza kirumbizi, huyu akishambulia na yule akikinga, macho yote yakiwa kwenye ncha ya fimbo. Kwa mtu wa pwani, basi, si jambo geni kwamba kijana kamili hupimwa kwa mambo mengi ya mwili, si kwa moja tu. Tena imepokewa kuwa Sayyidna Umar, radhi za Mwenyezi Mungu zimshukie, aliwahimiza wazazi wawafundishe watoto wao kuogelea, kulenga shabaha na kupanda farasi.

Kwa sababu hiyo, mchezo ninaotaka kuuzungumza leo usimtishe msomaji kwa jina lake la kigeni. Unaitwa pentathloni ya kisasa, nao ni michezo mitano ya mtu mmoja: vitara, kuogelea, kupanda farasi, kulenga shabaha na kukimbia. Aliyeutunga ni Pierre de Coubertin, yule Mfaransa aliyefufua Olimpiki, na ulichezwa kwa mara ya kwanza huko Stockholm mwaka 1912. Fikira yake ilikuwa askari wa farasi aliyejikuta nyuma ya safu za adui: hupanda farasi asiyemjua, hupigana kwa upanga na bastola, huvuka mto kwa kuogelea, kisha humalizia safari kwa miguu. Mmoja wa washindani wa mwaka ule alikuwa luteni wa Kimarekani, George Patton, aliyekuja kuwa jenerali mashuhuri katika Vita Kuu ya Pili. Alitoka wa tano. Wanawake hawakuingizwa katika mchezo huu wa Olimpiki mpaka mwaka 2000 huko Sydney.

Nani basi katika Kenya yetu amewahi kuushika mchezo huu akafika mbali? Jina linalokuja mbele ni la Alexandra Ndolo. Binti huyu alizaliwa Bayreuth, Ujerumani, mwaka 1986, baba Mkenya na mama Mpolandi. Alianza na pentathloni. Baadaye akaiacha ile minne na kushikamana na kitara peke yake, aina ile iitwayo epee, ambayo mchezaji huhesabiwa alama akimgusa mwenzake popote mwilini, tangu kichwani hadi unyayoni. Kwa bendera ya Ujerumani alipata nishani ya fedha katika mashindano ya Ulaya mwaka 2017, na mwaka 2022 mjini Cairo akawa wa pili wa dunia nzima.

Hapo ndipo alipofanya jambo la kustaajabisha. Wengi wetu tumezoea kuona wakimbiaji wetu wakihamia nchi nyingine na kuvaa rangi zao. Yeye alifanya kinyume. Akiwa kileleni, mwaka ule ule wa 2022, aliiaga Ujerumani akachagua kuichezea Kenya, nchi ya baba yake, ambako tayari alikuwa ameshiriki kuasisi shirikisho la mchezo wa vitara mwaka 2019. Mwaka 2024 alisimama Paris, Mkenya wa kwanza kucheza vitara katika Olimpiki, akikaribia miaka 38. Alitolewa katika pambano lake la kwanza. Lakini mlango ukishafunguliwa hauulizwi aliyeufungua alikaa muda gani ndani.

Na sasa twende Nairobi, maana swali langu liko huko. Ndolo alijifunza Ujerumani, ambako mtoto hupata bwawa, mwalimu na klabu karibu na kwao. Je, mwenziwe wa Kibera au Kawangware, mwenye miguu ile ile na hamu ile ile, angeanzia wapi?

Nimetembea kwa miguu kutoka Makina, kitovu cha Kibera ulipo msikiti wa Wanubi, hadi Kawangware ng'ambo ya Barabara ya Ngong. Safari hiyo imenifunza kuliko vitabu. Kibera yenyewe ni mtaa uliozaliwa na askari. Wanubi waliotoka Sudan, waliotumika katika jeshi la Keya, ndio walioweka makazi katika msitu huu mwanzoni mwa karne iliyopita, na jina Kibra kwa lugha yao ni msitu. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni iliitangaza kuwa ardhi ya jeshi, na kwa miaka mingi wajukuu wa askari hao walidai hati hata wakapewa ya ekari 288 mwaka 2017. Kama pentathloni ni mchezo wa askari, basi hapa ni nyumbani kwake.

Tuhesabu basi ile michezo mitano, mmoja mmoja, kama mtu ahesabuvyo madeni yake.

Kukimbia hakuna deni. Kila alfajiri watoto wa Kibera na Kawangware wako njiani, na barabara haina lango.

Kuogelea kuna kitendawili. Ukingoni mwa Kibera liko Bwawa la Nairobi, ambalo zamani watu walitweka matanga ya mashua juu yake kwa starehe. Leo maji yake ni machafu na magugu yameyafunika, wala mzazi mwenye akili hamruhusu mwanawe kutia mguu humo. Mabwawa safi yako, lakini mengi ni ya shule za kulipia, hoteli na vilabu, na mlangoni yuko bawabu. Mchezo huu unataka mita 200 tu za kuogelea. Kijana wa Mombasa au Lamu angezimaliza huku akicheka. Mwenziwe wa Makina hana pa kujifunzia mita kumi.

Farasi nao wako karibu hata unaweza kuwanusa. Katika Jamhuri Park, jirani kabisa na Kibera, kuna klabu ya polo, na mbele kidogo katika Barabara ya Ngong kuna uwanja wa mbio za farasi uliofunguliwa mwaka 1954. Mtoto wa Kibera huwaona farasi wale kupitia uani. Kuwapanda ni hadithi nyingine.

Vitara na bastola vyataka vifaa vinavyoagizwa ng'ambo, na walimu wanaohesabika kwa vidole.

Ukijumlisha, utaona kuwa mmoja kati ya mitano uko wazi, na minne ina malango. Si kwamba kipaji hakipo. Kipaji kiko nje ya uzio.

Lakini kuna habari ambayo kila kocha wa mtaa anapaswa kuisikia. Farasi ameondolewa. Katika Olimpiki ya Tokyo, iliyochezwa mwaka 2021, Mjerumani Annika Schleu alikuwa akiongoza, akapewa kwa kura farasi aliyegoma kuruka viunzi. Binti akalia mbele ya ulimwengu, na kocha wake akaonekana akimpiga mnyama yule kwa ngumi. Kelele zilizofuata zilikuwa kubwa. Wakuu wa mchezo wakaamua kwamba baada ya Paris farasi hatakuwamo tena, na huko Los Angeles mwaka 2028 mahali pake patakuwa na njia fupi ya vizuizi: kuta za kukwea, vyuma vya kuning'inia na pete za kurukia.

Wako waliosikitika, nami nawaelewa, maana farasi ana heshima yake. Ila mtazame mtoto wa Kawangware akiparamia ukuta au akining'inia tawini, kisha uniambie kama kizuizi hicho kitamshinda. Lango lililokuwa ghali kuliko yote limeng'olewa, na badala yake pamewekwa mchezo ambao fundi seremala na mchomeleaji wa mtaa wanaweza kuutengeneza.

Wala Mwafrika asiambiwe kuwa mchezo huu si wake. Tarehe 10 Agosti 2024, katika bustani za jumba la Versailles, kijana wa Kimisri, Ahmed Elgendy, alitwaa dhahabu kwa pointi 1,555, jumla ambayo hakuna aliyewahi kuifikia duniani. Miaka mitatu nyuma alikuwa amechukua fedha Tokyo. Mwislamu wa Afrika, mwenye umri wa miaka 24, amewashinda wote.

Na upande wa vitara, Nairobi imekwisha kuonyesha njia. Huko Mathare na Huruma, Mburu Wanyoike, ambaye amesimulia hadharani kuwa ujanani aliwahi kuwa katika genge, anawafundisha vijana kitara katika klabu yake iitwayo Tsavora. Hakungoja jumba la marumaru. Alianza na alichokuwa nacho.

Kilichobaki si muujiza. Kaunti ya Nairobi inaweza kujenga bwawa moja la umma kati ya Kibera na Kawangware, na kulisafisha Bwawa la Nairobi kungekuwa heri zaidi. Shule za jirani zenye mabwawa zinaweza kufungua malango yao Jumamosi mbili kwa mwezi. Bastola za siku hizi ni za leza, hazina risasi, kwa hiyo hofu ya mzazi na ya polisi imepungua. Shirikisho la vitara linaweza kuvuka Barabara ya Ngong.

Wahenga wetu walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Alexandra Ndolo alilelewa mahali penye malango yaliyo wazi, kisha akaja kwetu na alichokipata. Enyi wenye funguo za Nairobi, farasi keshatoka njiani. Sasa ondokeni nanyi mlangoni, watoto wapite.