Kuyeyusha Alumini Nyumbani: Chagua Kidhibiti-joto Kinachojua Kuzima

Ndugu mkulima, ikiwa umeme umefika katika shamba lako, na wewe au kijana wako mna mkono wa ufundi, huenda mmefikiria kupata chungu cha umeme cha kuyeyushia alumini. Pistoni mbovu na sufuria zilizotoboka hazikosekani, na kwa kalibu ya mchanga zaweza kugeuzwa puli ya mashine ya kukatia majani ya ng'ombe. Kazi hii ni nzuri. Lakini chungu ni kitu kimoja, na kidhibiti-joto, yaani kile kisanduku kinachopima joto na kuwasha au kukata umeme, ni kitu kingine. Wengi hutumia fedha zao zote kwa chungu, kisha hununua kisanduku cho chote kitakachopatikana.

Labda utasema kwamba wahunzi wa zamani walitazama rangi ya moto tu, wala hawakuhitaji kisanduku. Ni kweli, lakini wao walifua chuma, na chuma huonyesha wekundu wake. Alumini huyeyuka kwenye digrii 660 za Selsiasi, na mchana wa jua huitazami ukajua kama imefika 700 au imepita 850. Joto la kumimina ni kati ya 700 na 750. Likizidi sana, alumini hunyonya haidrojeni kutoka kwa unyevu wa hewani, na kitu ulichosubu hutoka na vitundu vitundu ndani kama mkate. Tena alumini yenye moto mwingi hula chungu cha chuma upesi zaidi.

Sasa twende dukani. Usikubali kuuziwa themostati ya jiko la kuokea mikate, kwa maana mwisho wake huwa karibu digrii 300. Unachotaka ni kidhibiti kinachotumia themokapo, yaani nyaya mbili za madini tofauti zilizounganishwa ncha. Themokapo ya aina ya K yatosha, nayo hupita digrii 1,000. Hakikisha kisanduku kimewekwa kusoma aina hiyo hiyo, na kwamba kinaonyesha Selsiasi, si Farenhaiti. Digrii 700 za Farenhaiti ni kama 370 tu za Selsiasi, nawe utangoja mpaka usiku bila kuona alumini ikiyeyuka.

Jihadhari na rangi za nyaya hizo. Katika zile za mtindo wa Marekani, waya wa manjano ni chanya na mwekundu ni hasi. Katika zile za mtindo wa kimataifa, kijani ni chanya na mweupe ni hasi. Fundi aliyezoea kwamba nyekundu ni chanya atazifunga kinyume, na hapo chungu kikizidi kupata moto kisanduku kitasoma kwamba kinapoa, nacho kitaendelea kuongeza umeme. Kwa hiyo, kabla ya kuwasha chungu, tia ncha ya themokapo katika maji yanayochemka. Namba ipande. Lakini usishtuke isipofika 100. Juu Kinangop maji huchemka kwenye digrii kama 92, kwa sababu ya kimo cha nchi. Ni kule Mombasa yanakochemka kwa 100. Na ukitaka kurefusha nyaya, tumia waya wa aina ile ile ya K, si waya wa shaba wa taa.

Kuna visanduku vinavyowasha na kuzima tu, na kuna vile vilivyoandikwa herufi PID, ambavyo hupunguza umeme mapema joto likikaribia kipimo. Hivi vya pili ni bora, kwa kuwa chungu huendelea kupanda joto hata baada ya umeme kukatwa. Bei yake siku hizi haitofautiani sana, basi usijisumbue mno na jambo hili.

Jambo la kukusumbua ni swichi. Koili ya wati 2,000 kwa volti 240 huvuta ampea 8 na zaidi, na rilei ndogo iliyo ndani ya kisanduku mara nyingi haiwezi kubeba mzigo huo. Inabidi iwashe swichi nyingine kubwa zaidi. Wengi hutumia rilei ya elektroniki, isiyo na sehemu zinazogongana. Ni nzuri, haina kelele, lakini hupata moto, nayo lazima ifungwe juu ya kipande kinene cha alumini cha kupoza. Nunua ya ampea 25 au zaidi kwa koili hiyo. Tena ujue tabia yake: ikiungua, mara nyingi hubaki imewaka. Kisanduku kitaamuru "zima," nayo isisikie, na chungu kitapanda mpaka koili ikatike au paa lishike moto.

Dawa yake ni kontakta moja zaidi, inayoongozwa na kidhibiti cha pili chenye themokapo yake, kilichowekwa digrii 100 hivi juu ya joto la kazi. Gharama itaongezeka, na mimi ningepunguza ukubwa wa chungu kuliko kuacha kifaa hiki. Kazi ya nyaya ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA, na waya wa ardhi ufungwe kwenye mwili wa chungu. Rilei ya elektroniki hupitisha umeme kidogo hata ikiwa imezimwa, kwa hiyo chomoa plagi kabla ya kugusa koili.

Hakuna kisanduku kinachozuia hatari ya maji: kipande chenye unyevu kikitiwa katika alumini iliyoyeyuka hulipuka. Wala usiyeyushe risasi ya betri za gari nyumbani kwa hali yo yote. Watu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi karibu na kiwanda cha kazi hiyo, wakadhurika wao na watoto wao.

Ukishanunua, fanya jaribio hili kabla ya kufunga koili. Weka balbu ya zamani ya waya mahali pa koili. Chomoa plagi, toa waya mmoja wa themokapo, kisha washa. Kisanduku chema kitaonyesha kosa na balbu haitawaka. Ikiwaka, kirudishe dukani siku hiyo hiyo pamoja na risiti.