Upanga Usiorudi Alani Bure

Mzee wa Kinoo akimwona mjukuu wake kwenye kompyuta, akifyeka watu kwa upanga wa Kijapani, huenda akasema hayo ni mambo ya kigeni. Lakini silaha hiyo ina funzo.

Mchezo wenyewe ni Team Fortress 2, uliotolewa na kampuni ya Valve ya Marekani mwaka 2007. Timu mbili, nyekundu na buluu, hushambuliana kwa bunduki na mabomu. Mwaka 2011 uliongezwa upanga uitwao Half-Zatoichi. Zatoichi ni yule kipofu hodari wa filamu za Kijapani zilizoanza mwaka 1962. Kusema “nusu” ni utani tu, kwani Demoman, mmoja wa wanaoubeba, ana jicho moja.

Upanga huo una masharti. Ukishauchomoa, yakupasa uue. Anayeua hurudishiwa nusu ya uhai wake. Anayeurudisha alani bila kuua hupoteza pointi 50 za uhai.

Wakikuyu wa zamani, ambao Kinoo ni nchi yao, nao walifunga sime kiunoni, katika ala ya ngozi nyekundu. Wahunzi wao walipata chuma kutoka mchangani.

Basi tofauti ni hii: mchezoni anayetulia ndiye anayeadhibiwa, na aliyekufa hufufuka baada ya sekunde chache. Duniani hakuna wa kumfufua. Hasira hasara, walisema wahenga. Aliyechomoa sime akairudisha bila damu amejiokoa yeye na jirani yake pia.