Wimbo wa gwaride uliohama doh

Je, wajua kwamba wimbo wa gwaride unaojulikana kuliko zote huko Marekani hauishii kwenye doh ulikoanzia? Nyimbo nyingi hutoka nyumbani, zikazurura, zikarejea. The Stars and Stripes Forever, alioutunga John Philip Sousa mwaka 1896, unahama moja kwa moja.

Tuupime kwa miguu, maana muziki huu ulizaliwa kwa ajili ya miguu. Mwendo wa kawaida wa gwaride ni hatua 120 kwa dakika, yaani mguu mmoja kila nusu sekunde. Tuba inapiga unyayo unapotua, honi zinaitikia katikati: bum-cha, bum-cha. Utangulizi ni hatua 8 tu, kwa kishindo, askari ajiweke sawa. Kipande cha kwanza kina hatua 32, kinarudiwa. Cha pili vivyo hivyo.

Kisha inakuja sehemu iitwayo trio, na utamu wote uko hapa. Mwanakwaya ataelewa mara moja: fa ya mwanzo sasa ndiyo doh. Sauti zinashuka, na wimbo mpana wa hatua 64 unatandazwa taratibu kama mkeka. Kasi ya miguu ni ileile, ila kifua cha msikilizaji kimepata nafasi ya kuvuta pumzi.

Utulivu huo haudumu. Ala nzito zinaingia kwa ukali, nyembamba zinazijibu, mithili ya majirani wanaogombana uani, hatua 48 nzima. Ugomvi ukiisha, wimbo wa trio unarudi, safari hii pikolo, ile filimbi ndogo kabisa, ikichezacheza juu yake kama chiriku. Ugomvi unalipuka tena. Mara ya tatu bendi nzima inaupiga kwa nguvu, pikolo iko juu, na tromboni zinaimba wimbo wao mwingine chini. Nyimbo tatu kwa pamoja, na sikio linazitambua zote! Kwangu huo ni ufundi wa hali ya juu.

Mwaka 1987 sheria iliufanya kuwa wimbo rasmi wa gwaride wa Marekani. Lakini zamani kabla ya sheria hiyo, Sousa mwenyewe, katika matamasha yake, aliwatoa vitini wapigaji wa pikolo, tarumbeta na tromboni, akawapanga ukingoni mwa jukwaa, ili wasikilizaji waone kwa macho kila wimbo unatoka wapi.